Maswali ya Muuguzi Kabla ya Picha ya CT

Leo tuzungumze juu ya maswali ambayo muuguzi hukuuliza kabla hujalala kwenye mashine ya CT. Wengi hudhani ni ya kupoteza wakati. Sivyo.

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua miale ya eksirei. Ilionyesha mifupa vizuri, lakini ubongo haukuonekana. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mama mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kichwani akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya CT. Mashine hiyo, iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield, ilipiga kichwa peke yake, tena polepole, naye mama akatakiwa kutulia kabisa. Uvimbe ulionekana.

Leo kazi hiyo ni ya sekunde chache. Lakini miale ni ile ile ya eksirei, na mgonjwa akitikisika picha huharibika. Tena wagonjwa wengine hudungwa dawa yenye ayodini ili mishipa ya damu ionekane. Ndiyo sababu ya maswali.

Muuguzi atakuuliza kama una mimba, maana miale yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ikiwa mkwe yuko kando na unaona haya, omba kuongea na muuguzi faragha. Kusema ukweli hakukunyimi matibabu. Daktari atapima lililo salama.

Atauliza pia kama una pumu, ugonjwa wa figo, au unameza dawa za kisukari, na kama dawa yoyote imewahi kukuletea vipele au kukubana kifua. Mtaje hata dawa za kienyeji. Atakuomba uvue heleni na shanga, kwani hutia doa kwenye picha.

Mtoto akihitaji dawa ya usingizi, utaambiwa asile kwa saa fulani. Usimpe maziwa kwa siri ukimwonea huruma. Akitapika usingizini anaweza kupaliwa na kufa.

Kama Kiswahili kinakutatiza, omba mtu wa kukutafsiria kwa Kiborana, Kisomali, Kimeru, Kiturkana au Kisamburu.

Mama uliyetoka Merti au Garbatulla, umesafiri mbali. Jibu kila swali kwa ukweli. Mficha maradhi, kilio humuumbua.