Mjuzi Anaporudi Kuwa Mwanafunzi

Wako wadhanio kwamba mtu akishafuzu kupiga ngoma, kujifunza kwake kumekwisha. Historia ya nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu na Kibondo, pamoja na ya jirani zao Warundi, inatufunza vingine. Na hata historia ya kengele za mbali inakubaliana nayo.

Katika falme za Waha, kama Heru na Muhambwe, mtawala aliitwa Mwami, na ngoma ilikuwa mojawapo ya alama za enzi yake. Ng'ambo ya mpaka, neno la Kirundi ingoma humaanisha ngoma na ufalme pia. Kwa hiyo mpigaji hakuwa mtumbuizaji tu, bali mtumishi wa enzi. Huko Gishora, karibu na Gitega, kazi hiyo ilirithiwa na wana kutoka kwa baba zao. Kila ngoma ilikuwa na wajibu wake: amashakwe zilishika mapigo yasiyokatika, nazo ibishikizo zilifuata inkiranya, ngoma ya katikati iliyoongoza zote.

Kisha zama zikageuka. Tanganyika iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963. Burundi ikawa jamhuri Novemba 1966. Ngoma ikabaki bila Mwami. Mabingwa waliozoea kupiga kwa ajili ya enzi, katika sherehe zenye majira yake kama ile ya kupanda mtama, sasa waliitwa kupiga jukwaani mbele ya wageni wasiojua maana yake. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walifika hata Uingereza, katika tamasha la kwanza la WOMAD. Mikono ilikuwa ile ile, lakini kazi ilikuwa mpya.

Huko huko Uingereza, karne nyingi nyuma, wapiga kengele wa minara ya makanisa walipatwa na jambo lifananalo na hilo. Wao walikuwa mabingwa wa kuvuta kamba. Hata hivyo walichukua kengele ndogo za mkono ili wafanye mazoezi ya zamu zao mbali na baridi ya mnara. Mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, ndugu wawili, Robert na William Cor wa kijiji cha Aldbourne, walikuwa miongoni mwa mafundi waliozitengeneza. Ulimi wa kengele hiyo huenda mbele na nyuma tu. Mpigaji huizungusha mbele kwa duara, kisha huigusisha begani ili kuzima mlio. Kwa kawaida hushika mbili, na kila moja ina sauti moja. Hawezi kuutoa wimbo peke yake. Akichelewa, wimbo wa wote huingia pengo.

Sasa tumfikirie mpiga ngoma hodari wa Kibondo akipewa kengele hizo. Nguvu za mkono wake hazitamfaa sana. Ngoma ikishapigwa hunyamaza yenyewe, bali kengele hulia mpaka inyamazishwe. Itambidi ajifunze kuzima sauti, kazi ambayo ngoma haikumdai. Lakini kama amewahi kushika amashakwe, tayari anayo nusu ya elimu hiyo: kuisubiri zamu yake, kuwasikiliza wenzake, na kuridhika na sehemu yake ndogo. Atakachopaswa kukiacha mlangoni ni majivuno.

Jambo hili si la mzaha. Oktoba 2015 kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena ili kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi. Mtu anayekimbia hawezi kujitwika gogo la ngoma. Huja na mapigo yake kichwani. Fundi akifika ugenini hana ngoma yake ya ukoo, wala wenzake aliokua nao. Akishikilia kwamba ngoma haipigwi ila kama ilivyopigwa kwao, na watu wale wale, huenda ikafa naye. Akikubali kuanza upya, kwa chombo kingine na kwa wanafunzi wasio wa ukoo wake, itaishi.

Basi mwalimu anapofundisha ngoma shuleni, na awaoneshe vijana si ustadi wake tu, bali na jinsi anavyojifunza asichokijua. Utamaduni wa taifa hurithiwa kwa mkono ulio tayari kufundishwa tena.