Chanjo ya HPV: Mbona Wazazi Wengine Hukataa, na Ni Elimu Gani Huwabadilisha

Kama uko na sista mdogo wa miaka 10, kuna siku atarudi home na story ya chanjo ya HPV. Mathe ataangalia WhatsApp, apate mtu ameforward ati hiyo sindano inafunga kizazi, alafu akuulize, "Hii maneno ni ya ukweli?" Jibu lako linaweza kuamua kama huyo mtoi atadungwa ama la. So wacha tukuchanue.

HPV ni nini?

Ni kirusi kinachoenea sana sana kupitia ngono. Wasee wengi hukipata na mwili unakimaliza wenyewe bila hata wao kujua. Noma ni kikikwama ndani miaka mingi, ju kinaweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi. Karibu kila kesi ya hii kansa hutokana na HPV. Makadirio ya 2020 yalionyesha inaua karibu wanawake 3,200 Kenya kwa mwaka. Hiyo ni karibu tisa kila siku.

Chanjo ilianza lini hapa?

Oktoba 2019, Uhuru Kenyatta aliizindua Mombasa. Ililenga wasichana wa miaka 10, dozi mbili, miezi sita katikati, bila kulipa. Lakini Machi 2020 corona ikafunga shule, na watoi wengi hawakurudi kwa dozi ya pili. Hapo usilaumu uoga pekee. Hata mzazi akichanuka aje, kama sindano iko mbali na mtoi, haisaidii.

Uoga ulitoka wapi?

Haukutoka hewani. 2014, maaskofu wa Katoliki Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda, wakidai imewekwa homoni ya kuzuia wanawake kushika mimba. Wizara ya Afya na WHO walikana, lakini story ilikuwa imeshaingia mtaani. Hiyo kampeni ililenga wanawake. Miaka mitano baadaye ikaja nyingine ya wasichana. Mzazi akauliza, "Mbona ni wasichana tu tena?" Hilo ni swali halali, na halijibiwi na poster ya "Chanjo ni salama."

Elimu gani inafanya kazi?

Ile inajibu swali lenye mtu ako nalo, na inatoka kwa mtu anamwamini. Cheki Denmark. Kulikuwa na wakati karibu wasichana 9 kati ya 10 walikuwa wanachanjwa HPV. 2015, TV ikaonyesha wasichana wakisema chanjo iliwaumiza, na idadi ikaporomoka hadi chini ya 4 kati ya 10. Kutoka 2017, mamlaka ya afya, madaktari na shirika la kansa waliungana, wakaingia Facebook kujibu wamama swali moja moja. Idadi ikapanda tena. Chanjo haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni venye watu walibongeshwa.

Hapa Kenya, tangu 2023 kuna wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya laki moja wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Huyo ni jirani, anajua hadi jina la mtoi wako. Akiongea, mzazi anaskia tofauti na akiskia tangazo la redio.

Maswali ya mathe, na majibu

Mbona miaka 10? Ju chanjo inafanya kazi poa zaidi kabla mtu akutane na kirusi. Haimaanishi mtu anamruhusu aanze mambo ya kikubwa.

Inafunga kizazi? Hapana. Utafiti haujapata hivyo. Kitu inaweza kuharibu kizazi ni hiyo kansa, na matibabu yake pia.

Inaweza kumpa HPV? Hapana. Ndani hakuna kirusi hai, ni protini tu inayofanana na ganda lake.

Itamuuma? Mkono unaweza kuuma, kichwa pia, na wengine huskia kizunguzungu. Ndio maana huambiwa wakae kama dakika 15 kwanza. Usifiche hii. Mzazi akigundua ulimficha kidogo, hataamini ile kubwa.

Wazungu ndio wanatujaribia? Utafiti mmoja mkubwa wa dozi moja ulifanywa hapa, Kisumu, Thika na Nairobi, KEMRI ikiwa ndani, na wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waliokubali wenyewe. Matokeo ya 2022 yalionyesha dozi moja ilizuia aina mbili hatari zaidi za HPV kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka huo huo WHO ikakubali dozi moja inaweza kutosha.

Kwa hivyo mathe akikutumia hiyo forward, usimcheke na usimwambie ameshikwa ufala. Muulize ni nini haswa inamtisha, umjibu hiyo. Ikikulemea, mpeleke kliniki akaulize nurse mwenyewe. Kuuliza ni bure, na chanjo kwa hosi ya serikali pia ni bure.