Shahidi wa Kioo: Historia ya Kunasa Michezo ya Kompyuta kwa Kamera

Mwashi hujenga nyumba, nayo husimama baada yake. Mkulima hulima, na shamba huonyesha matuta. Mtunzi huandika shairi, na karatasi hulitunza. Lakini mchezo unaochezwa juu ya kioo cha kompyuta hauna kiwiliwili cha kubaki. Nuru huwaka, maumbo hukimbia, hesabu ya pointi hupanda, kisha mashine huzimwa na kioo hurudia weusi wake. Ustadi uliopatikana kwa miezi mingi hutoweka kama maandishi ya mchangani wakati wa maji kujaa. Kwa sababu hiyo, tangu michezo hii ilipoanza kuenea, mchezaji hodari amekabiliwa na swali moja gumu: atasadikiwaje na watu ambao hawakuwapo? Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa mambo yamegeuka: mtendaji alikuwapo, bali shahidi ndiye aliyekosekana. Historia ya kuelekeza kamera mbele ya kioo ni historia ya kumtafuta shahidi huyo.

Desturi yenyewe ni kongwe kuliko michezo. Mwaka 1947 kampuni ya Eastman Kodak ya Marekani ilitoa kamera ya filamu iliyoundwa makusudi kwa kupiga picha za kioo cha televisheni, maana siku zile hapakuwa na mkanda wa kuhifadhia matangazo. Mashine ya mkanda wa video iliyofaa kwa kazi hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Ampex, haikutokea mpaka mwaka 1956. Malkia Elizabeth II alipotawazwa London tarehe 2 Juni 1953, matangazo ya BBC yalinaswa kwa filamu kutoka kiooni, na ndege za kijeshi za aina ya Canberra zikaivusha filamu hiyo bahari ya Atlantiki ili watu wa Kanada waitazame siku ile ile. Hata picha za binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi, mwaka 1969, zilipita katika njia hiyo. Kamera iliyokuwa mwezini ilituma picha 10 tu kwa sekunde, mwendo ambao televisheni za nyumbani hazikuweza kuupokea. Katika vituo vya kupokelea, picha hizo zilionyeshwa juu ya kioo maalumu, na kamera nyingine ikakitazama kioo hicho na kuyapeleka ulimwenguni yale iliyoyaona. Utusitusi ule ambao watu waliuona usiku ule haukutoka mwezini peke yake. Sehemu yake ilitoka katika kioo kilichotazamwa na kamera. Hata hivyo hapana aliyelalamika, kwa kuwa jambo lililoonekana lilikuwa kubwa kuliko ubora wa picha yake.

Michezo ilipoingia majumbani, haja ya ushahidi iliingia pamoja nayo. Mwaka 1982 kampuni ya Activision iliuza mchezo ulioitwa Pitfall!, na mchezaji aliyefikisha pointi 20,000 aliweza kupiga picha ya kioo cha televisheni yake na kuituma kwa posta. Akapata kurudishiwa beji ya kitambaa ya kushona juu ya nguo. Huo ulikuwa ushahidi mwepesi kwa tuzo nyepesi. Picha moja ilionyesha idadi ya pointi, lakini haikuonyesha njia iliyofuatwa hata kuzipata. Ilikuwa kama kumwonyesha mtu matanga yaliyotua bandarini na kumtaka asadiki habari za safari nzima.

Wakati huo huo, katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa, Walter Day alikuwa amefungua ukumbi wa michezo ulioitwa Twin Galaxies, tarehe 10 Novemba 1981. Mwaka uliofuata alianza kutunza daftari la pointi kubwa kuliko zote zilizopatikana nchini Marekani. Hapo awali ushahidi ulikuwa wa macho ya watu: mashine ilisimama ukumbini, mchezaji alisimama mbele yake, na waliomzunguka waliona kila hatua. Lakini kumbi zilipoanza kufungwa, na mashine zake kununuliwa na watu binafsi na kupelekwa majumbani, kundi la mashahidi lilitawanyika. Mchezaji alibaki peke yake usiku katika banda la gari, akitimiza jambo ambalo hapana jirani aliyelijua. Ndipo kamera ya video ilipoitwa kushika nafasi ya umati.

Kamera hiyo haikuwa shahidi mtulivu. Kioo cha aina ya zamani, kile chenye tumbo la gilasi, hakikuonyesha picha nzima kwa mara moja. Mwale mmoja wa elektroni ulipita mstari baada ya mstari, kutoka juu mpaka chini, ukiiwasha fosfori iliyopakwa ndani ya gilasi. Na fosfori ile ilianza kufifia mara tu mwale ulipoiacha. Jicho la mwanadamu ni jepesi kuhadaika: huunganisha mistari hiyo na kuona picha moja. Kamera haina huruma ya jicho. Kamera za Marekani zilinasa picha karibu 30 kwa sekunde, kila moja ikigawanyika katika nusu mbili. Ilhali kioo cha kompyuta kiliweza kuchorwa mara 60, 70, 75, au 85 kwa sekunde. Miendo miwili isiyolingana ilipokutana, mkanda mweusi ulionekana ukipita juu ya picha bila kukoma. Hata pale kioo kilipochorwa mara 60 kamili, kamera ilikwenda kwa nusu 59.94, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kuufanya mkanda utambae polepole, ukimaliza safari yake ya kioo kizima kwa muda wa karibu sekunde 17.

Mwaka 1995 zilitokea kamera ndogo za dijitali zilizotumia kanda za aina ya DV. Picha sasa iliandikwa kwa tarakimu juu ya utepe wenye upana wa milimita 6.35, na nakala ya kumi ikawa sawa na nakala ya kwanza, jambo ambalo kanda za zamani hazikuliweza. Kaseti ndogo ya kawaida ilichukua dakika 60. Hata hivyo tarakimu hazikuuondoa mkanda mweusi, kwa maana kosa halikuwa katika utepe bali katika kutolingana kwa miendo. Wachezaji walijifunza tiba kwa kujaribu: kukirekebisha kioo kichorwe mara 60, kuifunga kamera katika mwanga wa sehemu moja ya 60 ya sekunde, kuiweka juu ya miguu mitatu isitikisike, kuzima taa na kuteremsha mapazia ili gilasi isiakisi dirisha wala uso wa mchezaji. Vioo vya bapa vilipoenea, mkanda mweusi ulitoweka, lakini mahali pake pakaja mawimbi ya rangi, yanayozaliwa pale vitone vya kioo vinapogongana na vitone vya kamera.

Wengine walichoka na taabu hizo wakaiacha njia ya hewani, wakapitisha waya kutoka katika mashine moja kwa moja mpaka katika chombo cha kunasia. Picha ikawa safi: hapana mkanda, hapana mng'ao wa dirisha, hapana kelele za nyumbani. Ilionekana kwamba shahidi mkamilifu amepatikana. Lakini usafi ule ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ilijulikana katika mchezo mmoja mashuhuri.

Mchezo huo ni Donkey Kong, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1981. Ni mchezo usioweza kuchezwa milele. Mashine yake hupanga muda wa kila hatua kwa kuchukua namba ya hatua, kuijumlisha na 4, na kuizidisha mara 10. Katika hatua ya 22 jibu huwa 260, nayo namba hiyo haienei katika chombo cha hesabu kisichopita 255. Kinachobaki ni 4 tu, na mchezaji hufa kabla ya kufika popote. Kwa hiyo bingwa hashindani na muda wa maisha yake. Hushindana kukamua pointi nyingi iwezekanavyo kabla ya ukuta ule.

Katika miaka ya 2000 Steve Wiebe, mwalimu wa sayansi wa Redmond, jimbo la Washington, aliucheza mchezo huo katika banda la gari la nyumbani kwake, kamera ikiutazama uso wa mashine. Filamu ya habari za kweli iliyotolewa mwaka 2007, The King of Kong, ilionyesha sehemu ya kanda zake, na ndani yake husikika mwanawe mdogo akimlilia baba aache mchezo aje kumhudumia. Sauti ile ilikuwa kero kwa mchezaji, lakini kwa mtafuta ukweli ilikuwa lulu. Ilithibitisha kwamba palikuwa na nyumba, palikuwa na saa, palikuwa na mtu mwenye mwili aliyevutwa huku na huku na wajibu wake. Hata hivyo kamera ilikuwa na mpaka wake: iliuona uso wa mashine, haikuliona tumbo lake. Shaka ilipoingia, ilihusu bodi ya saketi iliyokuwa ndani ya sanduku, na hapana kanda ya nje iliyoweza kuiondoa. Mwaka 2005 Wiebe alisafiri mpaka ukumbi wa Funspot katika jimbo la New Hampshire, akapata pointi 985,600 mbele ya macho ya watu. Katika siku hizo hizo ikaonyeshwa pale kanda ya mpinzani wake, Billy Mitchell, iliyokuwa na pointi 1,047,200.

Miaka 13 baadaye kanda hiyo ilifikishwa tena barazani. Mwezi Februari 2018 mchezaji mwenzao alileta hoja kwamba picha zake hazikutoka katika mashine ya asili. Hoja haikutegemea pointi wala ustadi; ilitegemea vipande vya sekunde ambavyo hapana mchezaji anayevijali, yaani jinsi kioo kinavyochorwa hatua moja inapokwisha na nyingine kuanza. Mashine ya asili, ambayo kioo chake kimelazwa ubavu, huifunua picha mpya kutoka upande mmoja hadi mwingine kama mlango wa kusukuma. Programu ya MAME, iliyotokea mwaka 1997 kwa kuigiza mashine za zamani katika kompyuta, iliichora kwa mapande. Mwezi Aprili 2018 Twin Galaxies iliamua kwamba kanda mbili za Mitchell hazikutoka katika bodi ya asili isiyobadilishwa, ingawa haikutamka kwa yakini zilitoka katika nini. Ikafuta pointi zake zote. Kitabu cha Guinness kilifuata, kisha mwezi Juni 2020 kikamrudishia sifa zake. Mitchell mwenyewe hakuacha kushikilia kwamba alicheza kwa haki, akafungua kesi; na mwezi Januari 2024 pande mbili zilipatana, pointi zake zikawekwa katika kumbukumbu za kihistoria za Twin Galaxies.

Haifai kuigeuza habari hii kuwa hukumu mpya juu ya mtu. Funzo lake ni juu ya ushahidi. Kanda ya waya ilikuwa safi kuliko kanda ya banda la gari, lakini kwa usafi wake ilikuwa imefuta kila kitu isipokuwa mchezo: mkono haumo, sanduku halimo, chumba hakimo. Shaka ilipokuja, hapakuwa na mahali pengine pa kuuliza ila ndani ya picha yenyewe, na watu wazima walitumia miezi wakipima namna ya kuchorwa kwa nguzo za chuma za mchezo. Kanda ya kamera, pamoja na ukungu wake, ilibeba ulimwengu uliouzunguka mchezo, na ulimwengu ni mgumu kuughushi kuliko kioo.

Palikuwa pia na njia ya tatu. Mchezo wa Doom, uliotolewa mwezi Desemba 1993, haukuhifadhi picha kamwe. Ulihifadhi amri za mchezaji, mara 35 kwa sekunde, kila amri ikichukua baiti 4. Dakika nzima ya mapigano ilienea katika baiti 8,400, na kompyuta nyingine yenye mchezo ule ule iliweza kuyarudia yote tangu mwanzo. Hiyo ni hati ya mchezo, kama muziki ulioandikwa kwa nota. Inaeleza kila kidole kilichobonyezwa, lakini haisemi kidole kilikuwa cha nani.

Tarehe 21 Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 wa jimbo la Oklahoma aliufikisha mchezo wa Tetris wa mashine ya Nintendo katika ngazi ya 157, nao ukasimama ghafula. Hapakuwa na habari ya mwanadamu aliyewahi kuufikisha hapo kabla yake. Kanda iliyotangazwa ilionyesha mchezo kwa usafi, na kando yake ilimwonyesha kijana mwenyewe kitini, chombo kikiwa mkononi, akishindwa kupata pumzi kwa furaha. Njia mbili zilizokuwa zimeachana zilikuwa zimekutana: waya ulitoa picha ya tendo, na kamera ikatoa picha ya mtendaji.

Basi historia ya kamera mbele ya kioo si historia ya werevu wa vyombo peke yake. Picha iliyo wazi hupendeza, lakini wazi si lazima iwe kweli. Na picha yenye dosari yaweza kubeba yakini ambayo picha safi imeitupa. Wenye kulisafisha jambo kwa ajili ya kulitunza wana wajibu wa kuangalia wanachokifuta. Pengine sauti ya mtoto anayemwita baba yake katika chumba cha pili ndiyo sehemu ya kanda ambayo vizazi vitaisadiki kwanza.