Distonia: wakati mwili unajipinda, na upasuaji wa bongo unaweza nini

Distonia ni ugonjwa wa misuli kujikaza yenyewe, mwenye mwili bila kutaka. Shingo inageuka upande mmoja, mguu unapindia ndani, mgongo unajikunja, mkono unajinyonga mtu akishika kalamu. Akili inaweza kuwa sawa kabisa. Mtu anasikia na kuelewa yote, ila mwili haumtii. Munganga Mjerumani Hermann Oppenheim ndiye aliupa jina hilo mwaka 1911. Pale Sandoa, kama kwingi, watu wengi wanatoa jina lingine: bulozi. Na mtoto anaweza kupitisha miezi mingi kwenye maombi mbele ya kufikishwa hospitali.

Shida haiko kwenye misuli. Iko ndani ya bongo, kwenye sehemu ndogo zinazopanga mwendo wa mwili. Moja yao wanganga wanaiita palidumu, na ndipo upasuaji unalenga.

Wanatoboa mfupa wa kichwa na kuingiza nyuzi mbili nyembamba, moja kila upande, mpaka kwenye palidumu. Nyuzi hizo zinapitishwa chini ya ngozi ya shingo mpaka kwenye kisanduku kilichowekwa kifuani, chenye pile ndani. Kisanduku kinatuma umeme mdogo mchana na usiku. Njia hii ilianzishwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 na Alim-Louis Benabid, kwa watu wa kutetemeka. Katika miaka ya 1990, Philippe Coubes wa Montpellier aliipeleka kwa watoto wenye distonia, na mwaka 2003 Marekani ikaruhusu kifaa hicho kwa ugonjwa huo. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2005 ulifuata wagonjwa 22: kisha mwaka mmoja, ukali wa mipindo ulikuwa umeshuka kwa karibu nusu.

Hata vile, si dawa ya kumaliza ugonjwa. Kujipinda hakuondoki siku ya kwanza. Inaomba majuma, mara nyingi miezi. Wenye kufaidika zaidi ni wale wa distonia ya kuzaliwa nayo, hasa ile ya jeni la DYT1 lililopatikana mwaka 1997. Mtoto ambaye bongo yake iliumia wakati wa kuzaliwa kwa kukosa pumzi, ao kwa manjano kali isiyotunzwa, anapata faida ndogo zaidi.

Sasa, kwa jamaa ya Sandoa? Afrika ya Kusini upasuaji huu unafanyika, lakini kifaa na kazi yote vinaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Na bei si mwisho wa habari. Kisanduku kinapaswa kurekebishwa mara nyingi na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Pile ya kawaida inachoka kisha miaka michache na inabadilishwa kwa upasuaji mwingine. Ile ya kuchaji inaomba umeme wa nyumbani usiokatika sana. Pile ikizimika gafla, mipindo inaweza kurudi kwa nguvu hata kuhatarisha maisha. Mtu anayejua barabara ya Kolwezi wakati wa mvua anaelewa shida hiyo bila kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana kazi kubwa iko mbele ya upasuaji: kujua ni ugonjwa gani. Mipindo inayokuja gafla, macho yakipanda juu, ulimi ukitoka, shingo ikijinyonga, mara nyingi inatoka kwenye dawa. Primperan ya kutapika na haloperidol ya wagonjwa wa akili zote zinaweza kuileta, saa ao siku chache kisha kumeza. Muuguzi akijua dawa iliyotumiwa, sindano ya biperiden ao prométhazine inatuliza haraka. Kwa hiyo kartoni ya dawa ipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa. Kama taya imefunga na mwili unashtuka kwa kila kelele, hiyo inaweza kuwa tetanosi, na hakuna kungoja.

Konzo nayo ni nyingine: miguu yote miwili inakazana gafla kwa mtu anayekula muhogo mchungu usioloweka vya kutosha. Na tangu 1837, Couper wa Glasgow alipoandika juu ya wasagaji wa manganese, inajulikana kwamba vumbi ya madini hiyo inaweza kuumiza sehemu zile zile za bongo. Mgonjwa anaweza kutembea kwa ncha za vidole, viwiko vimekunjwa, kama jogoo. Aliyefanya kazi kwenye manganese, kama ile ya Kisenge, amwambie munganga.

Kuna pia distonia moja ya watoto inayoanza mguuni, nyepesi asubuhi na nzito jioni. Hiyo inasikia levodopa, kidonge kidogo tu, na mtoto anaweza kurudia kutembea vizuri. Mzazi aliyeona tofauti hiyo ya asubuhi na jioni aiseme hospitalini, hata kama hakuna aliyemuuliza, na aombe levodopa ijaribiwe mbele ya mtu yeyote kumtajia upasuaji.