Moshi wa magari: safari ya nchi za Afrika Mashariki kuelekea hewa safi

Katika barabara kuu inayotoka Mombasa kuelekea Kampala na Kigali, lori linalopanda mlima huku likitoa moshi mweusi si jambo geni. Hata hivyo, moshi unaoonekana kwa macho ni sehemu tu ya madhara ya magari. Sumu iliyowadhuru watoto wengi zaidi haikuwa na rangi hewani: ni madini ya risasi yaliyochanganywa katika petroli.

Petroli isiyo na risasi

Risasi ilianza kutiwa katika petroli nchini Marekani katika miaka ya 1920 ili kuzuia injini kugonga. Madini hayo yakiingia mwilini huathiri ubongo, hususan wa mtoto mdogo, na kupunguza uwezo wake wa kujifunza. Vilevile huharibu kifaa cha kusafisha moshi kilichomo katika bomba la gari.

Mwezi Juni 2001, wajumbe wa nchi za Kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuachana na petroli hiyo. Ilipofika Januari 2006, eneo hilo lote lilikuwa limekwisha kuiondoa sokoni. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa matumizi ya magari, mwezi Julai 2021. Juhudi hizo ziliratibiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu yake jijini Nairobi.

Dizeli yenye salfa kidogo

Hatua iliyofuata ilihusu salfa, ambayo huzidisha chembechembe laini za moshi zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Mnamo Januari 2015, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilianza kutumia kiwango kimoja cha dizeli, kisichozidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni.

Kiwango hicho kilihitaji makubaliano ya pamoja, kwa kuwa mafuta ya nchi zisizo na bahari hupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Aidha, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa, ambacho mitambo yake ilikuwa ya zamani, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013. Tangu hapo Kenya imeagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Magari yaliyotumika

Mafuta safi pekee hayatoshi iwapo injini imechakaa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilieleza kuwa magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa zaidi. Baadhi yalikuwa yameng'olewa vifaa vya kusafisha moshi kabla ya kupakiwa melini.

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka kikomo cha miaka 15, na hutoza ushuru wa mazingira kwa magari yenye umri mkubwa. Ugumu wa hatua hizi uko wazi: gari la umri mdogo ni ghali, na mwenye teksi au daladala moja huona kikomo hicho kama mlango unaofungwa mbele ya riziki yake. Asiyeweza kununua jingine huendelea kutengeneza lile la zamani.

Umeme na usafiri wa umma

Mwaka 2021 Rwanda iliondoa kodi kadhaa kwa magari ya umeme. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria jijini Kigali hazina budi kuwa za umeme. Dereva hahitaji kusubiri chaji, bali huacha betri iliyokwisha kituoni na kuchukua iliyojaa. Ethiopia, ambayo hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na maji, ilitangaza mwaka 2024 marufuku ya kuingiza magari ya petroli na dizeli, pia kwa lengo la kuokoa fedha za kigeni.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Mwezi Mei 2016, Dar es Salaam ilizindua mabasi ya mwendokasi yenye barabara zake, ambapo basi moja hubeba watu ambao wangejaza makumi ya magari madogo.

Pamoja na hatua hizo, magari mengi yaliyopo barabarani yataendelea kutumia mafuta kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli wa magari, kubadilisha oili na vichungio kwa wakati, na kukataa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa ni mambo yenye faida ya moja kwa moja kwa afya. Wanaonufaika kwanza ni wale ambao hushinda barabarani: madereva, wachuuzi, na watoto wanaotembea kwenda shule.