Kizimba cha mtoto: kinasaidia, lakini hakilei

Kizimba, ao parki ya mtoto, ni nafasi ndogo iliyozungushwa mbao ao wavu, mtoto anachezea ndani. Kinafaa kwa mtoto anayetambaa na yule anayeanza kutembea.

Mu nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, mbabula ya makala inakaa chini, na maji ya akiba iko mu beseni. Mtoto anaweza kuzama hata mu maji ya sentimeta 5. Mama akiwa anasonga bugali, kizimba kinamzuia mtoto asifikie moto.

Lakini hakichukui nafasi ya mtu. Bangladesh, tangu 2013, familia za vijijini zilipewa vizimba juu ya watoto waliokuwa wanazama. Pengine vilifunguliwa vituo ambamo mtu mkubwa anawachunga. Vituo ndivyo vilivyolinda zaidi.

Fundi wa mbao anaweza kukitengeneza: nafasi kati ya mbao isipite sentimeta 6, misumari isitokeze, na kikae mbali na mbabula. Mtoto akianza kupanda juu, kazi yake imeisha. Macho ya mkubwa, hayana likizo.