Quit: neno lililotumika mezani pa mhazini wa mfalme

Siku hizi Mwingereza au Mmarekani akitamka quit, mara nyingi anazungumzia kuacha: kuacha kazi, kuacha sigara, kukata tamaa safari ikiwa haijafika. Neno hilo limebebeshwa sifa lisiyostahili. Kwa karne kadhaa lilikuwa la mtu aliyemaliza, aliyelipa deni lote akaachiwa aende zake.

Shina lake ni quietus la Kilatini, yaani aliyetulia. Katika hati za zama za kati, utulivu huo ukawa ule wa mtu asiyedaiwa. Wafaransa walilifupisha, na kwao ndiko Waingereza walikolipata, baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066.

Anayetaka kuliona likiwa kazini aingie Hazina ya Mfalme Henry II. Mhazini wake, Richard FitzNeal, aliandika kitabu kizima kuhusu shughuli za Hazina hiyo. Palikuwa na meza ya futi 10 kwa 5, imetandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na juu yake hesabu zilifanywa kwa kusogeza vihesabio. Sherifu, mwakilishi wa mfalme katika jimbo, alifika Pasaka na malipo ya awali, kisha mwishoni mwa Septemba, Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, akaja kufunga hesabu.

Malipo yake yalichongwa kwenye kijiti. Mkato mpana kama unene wa kiganja ulikuwa pauni 1,000. Wa kidole gumba, 100. Wa kidole cha mwisho, 20. Wa punje ya shayiri iliyokomaa, pauni 1. Kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukachukua kipande chake. Siku ya hesabu vipande vilikutanishwa, na aliyeongeza mkato wa uongo aliumbuka papo hapo. Ni ufundi wa kuheshimiwa, maana hata asiyejua kusoma aliweza kuukagua.

Hesabu zikilingana, karani aliandika kwenye ngozi: quietus est, hadaiwi tena. Hati kongwe ya aina hiyo iliyosalia ni ya mwaka 1130, na mfululizo wake uliendelea hadi karne ya 19. Vijiti havikubahatika hivyo. Mwaka 1834 viliamriwa vichomwe katika tanuri za Bunge, London, na moto wake ukateketeza sehemu kubwa ya jumba.

Neno lilikwisha kuzaa ukoo. Acquit ni kumwondolea mtu hatia mahakamani. Quite mwanzoni lilimaanisha kabisa, bila salio. Katika Hamlet, Shakespeare aliipeleka quietus mbali zaidi, ikawa kifo chenyewe.

Maana ya kuacha ilikuja baadaye, ikatawala. Lakini katika ofisi za ardhi za Marekani bado husajiliwa hati iitwayo quitclaim, ambayo mtu akiitia saini anaachilia dai lolote alilo nalo juu ya kiwanja.